Kodi za malazi visiwani zinapanda: nani hasa anazilipa, na sisi wa Kigoma tutazame nini kabla zamu yetu haijafika?

Mtunza Leja (Kigoma Mjini)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Watu wa aina mbili wamekuwa wakiniuliza swali lilelile. Wa kwanza ni walimu wa hapa mjini wanaochangishana kwa ajili ya likizo ya Unguja. Wa pili ni wenye nyumba za wageni, ambao wamesikia kwamba visiwa vya dunia vinapandisha kodi za malazi na wanahofia kwamba upepo huo utafika ziwani kwetu. Kazi yangu ni kutunza hesabu za nyumba ndogo za wageni, kwa hiyo nimeona niandike kwa urefu hapa badala ya kumjibu kila mmoja barazani.

Nitangulize msimamo wangu ili anayetaka kupinga ajue pa kushika. Ukubwa wa kodi si jambo la kwanza la kutazama. La kwanza ni namna inavyohesabiwa. Kuna kodi ya asilimia ya bei ya chumba, kuna inayotozwa kwa kichwa kwa kila usiku, na kuna inayolipwa mara moja mgeni anapoingia, akae usiku mmoja au mwezi mzima. Hizi tatu zinaweza kuiingizia serikali fedha zilezile na bado zikaacha matokeo tofauti kabisa kwa mgeni, kwa mwenye chumba, na kwa mama anayekaanga samaki jioni karibu na geti la hoteli.

Tuanze na Hawaii, kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana. Mwezi Mei 2025 gavana Josh Green alitia saini sheria iliyopandisha kodi ya jimbo ya malazi ya muda mfupi kutoka asilimia 10.25 hadi asilimia 11, kuanzia Januari 1, 2026. Juu yake kila kaunti inatoza asilimia 3 yake, kisha inafuata kodi ya jumla ya mauzo, na mwisho wa yote mgeni anakuta karibu asilimia 18.7 imekaa juu ya bei ya chumba. Sababu iliyotolewa inaeleweka: moto wa Agosti 2023 uliouteketeza mji wa Lahaina katika kisiwa cha Maui uliua watu zaidi ya 100, na jimbo linatarajia takriban dola milioni 100 kwa mwaka kwa ajili ya kulinda fukwe, kupunguza hatari ya moto na kujiandaa kwa majanga ya tabianchi.

Sasa chukueni kalamu. Chumba cha dola 300 kwa usiku, usiku saba, ni dola 2,100. Ongezeko lenyewe, ile asilimia 0.75, ni dola 15.75 kwa wiki nzima. Mtu aliyekwisha kulipia ndege ya kuvuka nusu ya Bahari ya Pasifiki haahirishi safari kwa sababu ya dola 15. Kinachomshtua ni jumla ya kodi zote, dola 390 na ushei, ambayo mara nyingi hakuiona kwenye tangazo la bei na anakutana nayo kwenye ukurasa wa mwisho wa malipo. Hapo ndipo anapokata kitu: anashusha daraja la hoteli, anaacha safari ya boti, au anaondoa usiku mmoja. Kwa mtazamo wangu, kodi ya asilimia ndiyo yenye huruma kuliko zote, kwa kuwa humfuata mtu kwa kadiri ya bei aliyoichagua mwenyewe.

Maldives ni habari nyingine, nami ningependa tukae hapo kidogo. Wao wanatoza kodi ya mazingira kwa kichwa kwa usiku. Kuanzia Januari 1, 2025 waliipandisha maradufu: katika resoti ilitoka dola 6 ikawa dola 12, na katika nyumba za wageni zenye vyumba visivyozidi 50 kwenye visiwa vinavyokaliwa na wenyeji ilitoka dola 3 ikawa dola 6. Mwezi Desemba uliotangulia walikuwa wamekwisha kupandisha kodi ya kuondokea kwa ndege, ambayo kwa mgeni wa daraja la kawaida ilitoka dola 30 ikawa 50. Kisha Julai 2025 kodi yao ya bidhaa na huduma za utalii ikatoka asilimia 16 hadi 17.

Tuipeleke huko familia ya watu wanne, wazazi na watoto wawili wa shule, kwa usiku saba. Resoti inawatoza dola 336 za kodi ya mazingira peke yake. Nyumba ya wageni inawatoza dola 168. Ukiishia hapo utasema serikali imewahurumia wanyonge, kwa kuwa wanalipa nusu. Lakini weka bei ya vyumba kando ya kodi. Tuseme familia ya resoti inalipa dola 800 kwa usiku, yaani 5,600 kwa wiki. Kodi ile ni asilimia 6 ya malazi yao. Tuseme ile ya nyumba ya wageni imechukua vyumba viwili vya dola 50, yaani dola 700 kwa wiki. Kodi yao ni asilimia 24. Aliyelala pa bei nafuu amebebeshwa mara nne ya mwenzake, ingawa kiwango chake kimekatwa nusu. Bei hizo za vyumba nimeziweka mimi kwa mfano. Mwenye bei nyingine abadilishe aone kama mwelekeo unageuka.

Wageni wa Maldives hawajakimbia kwa hayo. Mwaka 2024 walizidi milioni 2, na mwaka 2025, pamoja na kodi zote hizo, walivuka tena milioni 2. Kwa hiyo anayesema kwamba kodi ya malazi inaua utalii wa visiwa ana kazi ya kueleza takwimu hizo. Ila idadi ya vichwa uwanjani haikuambii watu hao wamelala wapi, wamelala usiku mangapi, wala wamekula kwa nani.

Aina ya tatu ni ile ya kulipa mara moja. Bali ilianza Februari 14, 2024 kumtoza kila mgeni wa kigeni rupiah 150,000. Visiwa vya Galápagos vilipandisha ada ya kuingia kutoka dola 100 hadi dola 200 mwezi Agosti 2024. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 1, 2024, inamtaka mgeni kutoka nje ya nchi anunue bima ya safari ya dola 44 inayodumu siku 92. Bima si kodi kisheria, lakini kwenye daftari la bajeti ya mgeni inakaa safu ileile. Tazameni tabia yake: anayekaa Nungwi usiku mbili amelipa dola 22 kwa kila usiku, na anayekaa usiku kumi na nne amelipa dola 3 na senti. Ada ya namna hii humwambia mgeni kwamba, akishaingia, kukaa zaidi hakumgharimu zaidi. Kodi ya kichwa kwa usiku humwambia kinyume chake kila asubuhi anapoamka.

Kwa nini mtu wa Kigoma ajali? Kwa sababu Gombe na Mahale si visiwa kwenye ramani, lakini kwa mgeni ni visiwa. Gari halikufikishi, unaingia kwa boti, na Mahale wengine huingia kwa ndege ndogo. Soda, mchele, dizeli na shuka vyote vinapita majini. Gombe ina kilomita za mraba hamsini na ushei tu, na dunia inaijua tangu Jane Goodall aliposhuka pale ufukweni Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Mahale, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, ni kubwa zaidi, na watafiti wa Japani walianza kazi huko mwaka 1965.

Tozo ya maendeleo ya utalii huku Bara ni dola 1.5 kwa kitanda kwa usiku, nayo ipo tangu 2013. Mgeni wa Gombe haioni hata kwa darubini. Anachokiona ni ada ya hifadhi: dola 100 kwa mtu mzima asiye wa Afrika Mashariki, kwa siku, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa dola 118. Mume na mke kwa siku mbili wanalipa dola 472, ambazo kwa makadirio ya shilingi 2,500 kwa dola ni shilingi 1,180,000, na hapo hawajapanda boti wala kula. Tozo ya kitanda kwa wawili hao kwa usiku mbili ni dola 6. Kwa maneno mengine, sisi tayari tunayo kodi kubwa ya kichwa kwa siku, ila haitwi kodi ya malazi. Kama kuna mtu anatafuta sababu kwa nini wageni wanalala Gombe usiku mmoja na kuondoka, asianzie kwenye gesti za mjini.

Nasubiri michango, hasa ya wenye vyumba.

---

Jirani wa Stesheni (Tabora)

Ndugu Mtunza Leja, nashukuru kwa hesabu zako, nami nimezirudia kwenye karatasi. Ninayo nyumba ya vyumba vichache karibu na stesheni ya Tabora. Nataka kuongeza upande ambao hukuugusa: mgeni wa nyumba ya wageni si lazima awe mtalii.

Kwangu wanalala abiria wanaobadilisha treni kati ya njia ya Mwanza na njia ya Kigoma, wafanyabiashara wa asali na tumbaku, watumishi waliohamishwa ambao hawajapata nyumba, na ndugu waliokuja kumuuguza mgonjwa. Huyu wa mwisho hana likizo wala bajeti ya likizo. Anakaa mpaka mgonjwa wake apate nafuu, na kila usiku unaoongezeka unatoka kwenye fedha ya dawa.

Sasa fikirini kiwango kama hicho cha dola 1.5 kikishushwa kwa kila gesti nchini bila kuangalia bei. Kwa chumba cha shilingi 15,000 anacholala mtu mmoja, ni shilingi 3,750, robo nzima ya bei. Hotel ya kitalii yenye chumba cha shilingi laki tano inatoa kiasi hichohicho, wala mgeni wake hataona tofauti. Ndiyo maana nakubaliana nawe kuhusu asilimia.

Lipo jambo la pili, nalo ni la utozaji wenyewe. Nyumba ndogo kama yangu haijasajiliwa kwenye VAT, kwa kuwa tangu 2023 kiwango cha kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na nyumba ya vyumba vichache haiwezi kuota kufika huko. Tunachokutana nacho ni ushuru wa halmashauri. Katika mji mmoja niliofanyia kazi kabla ya huu, ambao sitautaja, mtoza ushuru hakutaka kuona kitabu cha wageni. Alipita vyumbani, akahesabu vitanda, akazidisha kwa siku za mwezi, akaandika. Msimu wa mvua vitanda vipo lakini watu hawapo. Unalipia usingizi ambao hakuna aliyeulala, na unaufidia kwa kupandisha bei kwa wale wachache waliokuja.

Kwa hiyo kabla ya kujadili asilimia na kichwa, tujadili kwanza kama kinachohesabiwa ni mgeni au ni kitanda.

---

Binti Kibirizi (Kigoma)

Kaka Mtunza Leja, shikamoo kama umenizidi, na kama hukunizidi basi salaam. Mimi napangia wageni boti za kwenda Gombe, na nataka kuitetea ada ya hifadhi kidogo, kisha niishambulie.

Naitetea kwa sababu sokwe wa Gombe si wengi, njia za mlimani ni nyembamba, na hakuna anayetaka kuona kundi la watu hamsini likimzunguka mnyama mmoja. Bei kubwa ni lango. Maldives wakitaka wanaweza kujenga resoti kwenye kisiwa kingine, lakini hakuna mtu anayeweza kuijenga Gombe ya pili.

Naishambulia kwa sababu inahesabiwa kwa siku, kama ulivyosema, na madhara yake yanaangukia mjini. Boti ya kukodi hulipiwa kwa boti, si kwa kichwa: wageni wawili wanaugharimia mafuta yaleyale ambayo wangegharimia wageni sita. Mgeni anafanya hesabu usiku akiwa hotelini Kigoma. Anaona boti ni gharama isiyopungua, anaona ada inaongezeka kila siku, kwa hiyo anachagua siku moja ndefu: anatoka kabla ya jua, anapanda mlima mbiombio, anarudi jioni. Wenye uwezo mdogo zaidi wanapanda boti za abiria pamoja na wanavijiji na magunia yao. Hao ndio ninaowapenda, maana wananunua mihogo njiani, wanauliza majina ya vijiji, na wanakaa mjini siku mbili tatu wakisubiri safari. Lakini hakuna kodi duniani inayompangia mtu wa namna hiyo. Kodi zote zinampangia mwenye resoti.

Mwaka 2024 serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, na miezi hiyo ndiyo msimu wa kiangazi ambao wageni wanakuja. Waliozoea kuishi kwa dagaa na migebuka walikuja kwetu kutafuta kazi za boti na za kubeba mizigo. Usiku mmoja zaidi wa mgeni, kwa miezi kama hiyo, ni ujira wa mtu. Sisemi hivyo kwa kutia huruma. Nasema kwamba anayepanga ada Dodoma aiweke safu hiyo kwenye jedwali lake.

Pendekezo langu ni dogo: siku ya kwanza ilipiwe bei kamili, na siku ya pili na ya tatu ziwe nusu. Lango linabaki palepale, lakini aliyekwisha kuingia hafukuzwi na saa.

---

Mtunza Leja (Kigoma Mjini)

Dada Binti Kibirizi, marahaba. Pendekezo lako si geni duniani: katika visiwa vya Balearic vya Hispania, ambavyo vinatoza kodi ya utalii kwa kichwa kwa usiku, kiwango hupungua kwa nusu kuanzia usiku wa tisa. Hata wao, ambao wana wageni wengi kupita wanavyotaka, waliona kwamba anayekaa muda mrefu asiadhibiwe kwa kukaa. Sisi ambao hatujawapata hao wageni tuna sababu zaidi ya kufanya hivyo, na kwetu punguzo lingepaswa kuanza mapema, kwa kuwa hakuna anayekaa Gombe usiku tisa isipokuwa mtafiti.

Ndugu Jirani wa Stesheni, hoja ya kitanda na mgeni ni nzito na nimeichukua. Niongeze tu kwamba Ugiriki wametafuta njia ya tatu. Wanatoza kwa chumba, si kwa kichwa, na kiwango kinafuata nyota za hoteli na msimu: tangu 2025, kuanzia Aprili hadi Oktoba, ni euro 2 kwa chumba cha hoteli ya chini na euro 15 kwa ya nyota tano, na majira ya baridi viwango vinashuka. Ushelisheli tangu Agosti 2023 wanafuata ukubwa wa biashara: rupia 25 kwa kichwa kwa usiku katika nyumba ndogo, 75 katika za kati, 100 katika kubwa, na watoto chini ya miaka 12 hawatozwi, wala wananchi wenyewe. Ule msamaha wa mwananchi ndio unaomlinda muuguzaji wako wa Tabora, na ndio ninaoutaka uandikwe kwanza kabla ya kiwango chochote.

---

Mzee wa Miembeni (Ujiji)

Wanangu, nimesoma yote. Nilikuwa mtumishi wa serikali za mitaa kabla ya kustaafu, kwa hiyo mtanisamehe nikisimama upande wa mtoza kodi, maana naona amebaki peke yake.

Mnasema kodi ya kichwa kama kwamba mmeigundua nyinyi. Sisi tuliilipa. Kodi ya maendeleo ilimtoza kila mtu mzima, mwenye nacho na asiye nacho, na watu walijificha maporini kuikimbia mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Halmashauri zikabaki zinaitegemea Hazina kwa karibu kila kitu. Mnalalamika kwamba taka zimejaa ufukweni na njia ya kwenda kwenye jumba la kumbukumbu la Livingstone hapa Ujiji haipendezi, kisha mnalalamika tena halmashauri ikitaka senti kwa mgeni anayelala. Mgeni huyo anatumia maji, anazalisha taka, anatembea kwenye barabara iliyojengwa kwa kodi ya mkulima wa michikichi. Mkulima huyo naye mnamwambia nini?

Huyo Balearic aliyetajwa na Mtunza Leja ana historia ambayo ingefaa kuelezwa kwa ukamilifu. Walianzisha kodi yao mwaka 2002, wenye hoteli wakapiga kelele, serikali ikabadilika, kodi ikafutwa mwaka 2003. Mwaka 2016 ikarudi, na mwaka 2018 ikaongezwa maradufu. Na mwaka 2024 wakazi wa Palma waliandamana kwa maelfu kulalamika kwamba watalii wamezidi, nyumba zimepanda bei na wenyeji hawana pa kupanga. Kelele za mwaka 2002 zilikuwa kwamba wageni watakwisha. Wamekwisha?

Mimi sina ugomvi na mnachosema kuhusu namna ya kuhesabu. Ninachotaka mkiseme waziwazi ni kwamba kodi ya malazi ni haki, ila fedha yake ikae kwenye akaunti yake na isomwe kwenye mbao za matangazo za kata: tumepokea kiasi hiki kwa wageni, tumejenga choo hiki, tumezoa taka hizi. Mgeni akiona choo safi bandarini hataniuliza dola yake ilikwenda wapi.

---

Mtunza Leja (Kigoma Mjini)

Mzee wetu, shikamoo. Kuhusu haki ya kutoza sina la kubisha, na kuhusu mbao za matangazo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Nabaki na shaka moja tu juu ya mfano wa Palma. Kule ndege za bei nafuu zinashuka mfululizo na mtu wa Ujerumani anafika kwa saa mbili na nusu. Kodi ya euro nne haimzuii. Kwetu mgeni akishafika Dar es Salaam bado ana zaidi ya kilomita 1,200 za reli, au tiketi nyingine ya ndege. Palipo na foleni, kodi hupunguza foleni. Pasipo na foleni, hupunguza wageni au siku zao.

Jambo jingine ni taarifa. Julai 2016 VAT ya asilimia 18 ilipoanza kutozwa kwenye huduma za utalii nchini, ikiwemo ada za hifadhi, kuongoza watalii na usafiri wao, mawakala wengi walikuwa wamekwisha kuuza safari za msimu huo kwa bei ya zamani. Huwezi kumwandikia mteja aliyelipa mwezi Januari ukamwambia aongeze karibu moja ya tano mwezi Julai. Wengine waliimeza hasara, wengine walikata huduma kimyakimya. Hawaii sheria ilisainiwa Mei na kodi ikaanza Januari. Hiyo miezi saba ina thamani kwa mwenye biashara kuliko punguzo la nusu asilimia.

---

Mwalimu wa Zamu (Kigoma)

Ndugu Mtunza Leja, sisi ndio wale walimu uliotutaja mwanzo, na tumefuatilia mjadala huu tangu jana. Tuko sita. Tumejadiliana na tumegawanyika: wengine wanasema tupunguze usiku wa Unguja kutoka sita hadi minne kwa sababu ya hizi kodi, wengine wanasema tubaki sita lakini tuhamie nyumba ya bei ya chini. Pia mwenzetu mmoja amesikia kwamba tutadaiwa ile bima ya dola 44 bandarini. Tunaomba mwongozo wako.

---

Mtunza Leja (Kigoma Mjini)

Mwalimu, tuanze na rahisi. Bima ile ni ya wageni wanaotoka nje ya nchi. Ninyi ni Watanzania, hamdaiwi. Bebeni vitambulisho vya taifa, na mkikutana na mtu anayewadai, ombeni aandike jina la ada hiyo kwenye risiti.

Kuhusu usiku, msipunguze kwanza. Gharama yenu kubwa ni kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam na boti ya kuvuka, kwenda na kurudi, na hiyo ni ileile mkae usiku minne au sita. Mkigawa nauli kwa usiku minne, kila usiku unabeba mzigo mkubwa zaidi. Kodi ya asilimia, kwa upande mwingine, inapungua yenyewe mkishusha bei ya chumba: VAT ya Zanzibar ni asilimia 15, kwa hiyo kila shilingi 10,000 mnayopunguza kwenye bei ya kabla ya kodi inaondoka na shilingi 1,500 yake. Ndiyo maana naegemea upande wa wale wanaosema mbaki sita na mshuke daraja.

Ila kabla hamjashuka, mwandikieni mwenye nyumba na mtake ajibu kwa maandishi mambo haya: bei aliyotaja ina kodi zote au kuna kinachoongezwa mkifika, kama kuna tozo ya usiku, inahesabiwa kwa kichwa au kwa chumba, na je, Mtanzania anatozwa sawa na mgeni wa nje. Kama tozo ni ya kichwa, kulala watatu chumba kimoja hakuwapunguzii kitu kwenye tozo, kunawapunguzia kwenye chumba tu. Kama ni ya chumba, watatu watatu katika vyumba viwili ni nafuu ya wazi.

Mwezi nao una uzito kuliko kodi zote tulizozijadili. Ratiba ya shule inawapa Juni na Desemba. Chagueni mwanzo wa Juni, mvua za masika zikiwa zimepungua na umati wa Julai na Agosti haujafika. Mwisho wa Desemba bei za pwani hupanda kiasi ambacho hakuna halmashauri imewahi kuthubutu kutoza.

Majibu ya hoteli yakifika, yawekeni hapa bila majina, nami nitawapangia safu mbili, ya usiku minne na ya usiku sita, mlinganishe kabla ya kutuma malipo ya awali.